Maswali ya Wasomaji: Alichoimba Mwimbaji na Tulichosikia

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee mishororo ya nyimbo iliyowatatiza masikioni. Barua zimefika kwa wingi, na nyingi kati yake zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: je, mtunzi amekusudia neno lake libebe maana mbili, au ni sikio la msikilizaji lililoteleza? Naliona swali hili kuwa zito kuliko linavyoonekana. Anayemlaumu mtunzi kwa neno ambalo hakulitamka anamdhulumu, na anayedhani kwamba kila utata ni kosa la sikio hupitwa na ufundi uliomgharimu mtunzi usiku kucha. Nimechagua barua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tunabishana tangu Idi kuhusu wimbo wa Malaika. Pale kidege anapoambiwa “hukuwaza”, mimi nasema mwimbaji analalamika kwamba kidege hakumfikiria. Shemeji anasema ni kinyume, kwamba mwimbaji ndiye anayemfikiria kidege siku zote. Nani kati yetu amesikia vibaya?
*Msomaji, Kisauni*

Masikio yenu nyote wawili ni mazima. Neno mlilolisikia ni lile lile, na hutamkwa kwa namna moja tu, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mnachotofautiana ni mahali pa kulikata. Wewe umelichukua kuwa kanusho la wakati uliopita: *hu-* ya nafsi ya pili, *-ku-* ya kukanusha, kisha *waza*. Shemeji amelichukua kuwa ni *hu-* ya mazoea, ambayo haitaji nafsi, ikifuatwa na *-ku-* ya yule anayewazwa. Kwake yeye, neno hilo ni sawa na kusema “huwa nakuwaza”. Sarufi inaziruhusu tafsiri zote mbili, na hata mkiurudia wimbo mara mia, sauti peke yake haitawaamulia.

Kinachoamua ni maneno ya jirani. Papo hapo baada ya neno hilo mwimbaji anauliza afanyeje, naye ameshindwa kwa kukosa mali. Na katika ubeti mwingine analia kwamba pesa zinamsumbua roho. Hakuna mahali popote katika wimbo ambapo mpenzi anatuhumiwa kusahau au kutojali, kwani lawama yote imeelekezwa kwa ufukara. Tukilisoma neno kama kanusho, tutakuwa tumeingiza shutuma moja ambayo haikutayarishwa na mshororo wowote wa nyuma wala haiendelezwi na wowote wa mbele. Kwa sababu hiyo namuunga mkono shemeji yako, ingawa sikubali akuambie kwamba umesikia vibaya.

Wimbo huo, uliojulikana kwanza kwa sauti ya Fadhili William, umepita katika vinywa vingi. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka katika albamu yao ya mwaka 1965, na kundi la Boney M. likautoa mwaka 1981. Mwimbaji ambaye Kiswahili si lugha yake hupumzika pale pumzi inapokwisha, si pale maana inapokwisha, na kila pumziko la namna hiyo humpa msikilizaji nafasi ya kulikata neno upya. Makeba aliliacha pia neno “ningekuoa” lilivyo, ijapokuwa kwetu mwanamume ndiye anayeoa na mwanamke ndiye anayeolewa. Wapo wanaolicheka jambo hilo hadi leo. Mimi naona alifanya vyema, kwa maana maneno ni ya kijana yule maskini, naye aliyabeba kama alivyoyapokea.

Mimi nimezaliwa bara na sasa nafanya kazi Likoni. Katika nyimbo za taarab za hapa namsikia mpenzi akiambiwa “ndoo”, na mara nyingine anasifiwa kwa “kuteka”. Nikiuliza ndoo hiyo ni ya nini, wenzangu kazini huangua kicheko bila kunijibu. Naomba wewe unijibu.
*Msomaji, Likoni*

Ndoo unayoisikia si ya maji. Katika Kimvita, yaani Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa, neno la kumwita mtu aje ni *ndoo*, kama vile njia inavyoitwa *ndia* na njaa *ndaa*. Vivyo hivyo *kuteka* unakokusikia ni kucheka. Macho huitwa *mato* na machozi *matozi*. Watunzi wa hapa huandika kwa lahaja yao, na hawana sababu ya kuiacha wakati wanapoingia katika wimbo.

Kosa lako lina sababu inayoeleweka, nayo haitokani na uzembe wa kusikiliza. Mwenyeji wa Mombasa hayatamki maneno hayo mawili kwa namna moja. Anaposema *ndoo* ya kuita, ncha ya ulimi wake huyagusa meno ya juu. Anaposema ndoo ya maji, ulimi hurudi nyuma kidogo na kugusa ufizi. Tofauti ni ile ile kati ya *kuteka* kwa kucheka, ambako ulimi huyafikia meno, na kuteka maji au kuteka nyara, ambako ulimi hubaki kwenye ufizi. Sikio lililolelewa hapa huipata tofauti hiyo hata katikati ya vinanda na ngoma. Sikio lililolelewa kwingine halikufundishwa kuitafuta, na maandishi hayalisaidii, kwa sababu tahajia yetu sanifu ina *t* moja na *nd* moja. Ilikuwa hapa hapa Mombasa, katika mkutano wa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na sauti hizi za Kimvita zikakosa herufi zake.

Iko tofauti nyingine ambayo unaweza kujipima nayo mwenyewe leo. Weka kiganja mbele ya mdomo, kisha mwombe mwenzako mmoja wa Likoni afanye vivyo hivyo. Akisema paa wa porini, yule mnyama, pumzi itakipiga kiganja chake. Akisema paa la nyumba, haitakipiga. Ni hivyo hivyo kwa kaa wa pwani na kaa la moto, na kwa tembo mwenye mkonga na tembo la mnazi. Wewe huenda ukayatamka yote kwa pumzi moja, na ndipo utakapofahamu kwa nini wenzako walicheka.

Sasa tazama mtunzi anavyoweza kuitumia hali hiyo. Nimetunga mshororo huu kwa ajili ya mfano:

*Akiteka moyo wangu, hupata kuburudika.*

Ulimi ukiyagusa meno, maana yake ni kwamba mpenzi acheka na moyo wangu unaburudika. Ulimi ukirudi kwenye ufizi, mpenzi ameuteka moyo wangu kama mateka, nami naona raha kutekwa. Mwimbaji wa Mombasa hana budi kuchagua, na msikilizaji wa Mombasa atajua amechagua lipi. Msikilizaji wa Nakuru au wa Dodoma atabaki na yote mawili mkononi. Huo ni utata uliozaliwa na umbali kati ya lahaja na lahaja, na ni makosa kumpa mtunzi sifa yake au lawama yake.

Mjomba wangu anashikilia kwamba Michael Jackson aliimba kwa Kiswahili. Katika Liberian Girl nasikia kweli “nakupenda pia”, lakini katika wimbo mwingine nasikia “mama kosa”, na hapo ndipo ninapotia shaka. Je, alijua lugha yetu?
*Msomaji, Majengo*

Mjomba wako ana haki nusu. Liberian Girl, wimbo uliomo katika albamu ya Bad ya mwaka 1987, hufunguliwa kwa maneno ya Kiswahili, lakini sauti hiyo si ya Michael Jackson. Ni ya Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Anasema anampenda na kumtaka pia, kisha anamalizia kwa neno ambalo katika maandishi ya wimbo limechapishwa “mpenziwe”. Hapo pana kichekesho cha kweli. Likitenganishwa, “mpenzi we”, ni mwito wa mapenzi. Likiunganishwa, linafuata njia ya mumewe, mkewe na mwanawe, na maana yake inakuwa mpenzi wa mtu mwingine. Binti huyo, kwa herufi mbili tu zilizosogezwa, ameacha kumwita mpenzi wake na kuanza kumzungumza mpenzi wa jirani. Sina shaka yoyote kwamba kusudio lilikuwa mwito, na kwamba aliyeandika ndiye aliyeunganisha, sikio halikukosea. Kuhusu Liberia yenyewe, nchi hiyo iko Afrika Magharibi na Kiswahili si lugha ya watu wake, lakini hilo ni jambo la kuwauliza watengenezaji wa wimbo.

“Mama kosa” yako ni jambo jingine. Maneno hayo, yaliyomo katika Wanna Be Startin’ Somethin’ ya albamu ya Thriller ya mwaka 1982, yametokana na kiitikio cha Soul Makossa, wimbo wa Manu Dibango wa Kameruni uliotoka mwaka 1972. Makossa ni muziki wa Kameruni na hauhusiani na kosa wala makosa. Sikio lako lilikutana na silabi ngeni na likazivalisha nguo za nyumbani, kama yafanyavyo masikio yote duniani. Lionel Richie naye, katika All Night Long ya mwaka 1983, alitamka “karamu”, neno letu halisi, kisha akaendelea na mlio wenye sura ya Kiafrika ambao hauna maana katika lugha yoyote. Wengi wamehangaika kuutafsiri. Usijisumbue.

Assalaam aleikum. Kwenye harusi moja ya jamaa zetu, mwimbaji aliimba wimbo wa chakula na jiko, na jirani yangu mmoja akainuka kwenda kumtunza huku akinitazama mimi moja kwa moja. Mume wangu anasema ni wimbo wa chakula tu na kwamba mimi nasikia yasiyosemwa. Nimekosa usingizi. Je, sikio langu ndilo lenye makosa?
*Msomaji, Kibokoni*

Waaleikum salaam, dada yangu. Sikuusikia wimbo huo, kwa hiyo siwezi kuuhukumu. Lakini naweza kukuonyesha namna fumbo la taarab linavyojengwa, ili uusikilize tena kwa utulivu na uamue mwenyewe. Nimetunga ubeti huu kwa mtindo wa tathlitha, mishororo mitatu, kila mshororo ukiwa na vipande viwili vya mizani minane, yaani silabi nane:

*Wala wangu, wala wako, wala nawe huna haya,*
*Wakaa kando ya jiko, nipakuapo wangiya,*
*Nikikuonya kwa mwiko, wasema hukusikiya.*

Anza na *wala*. Anayeusikia ubeti kwa mara ya kwanza hudhani ni *wala* ya kukanusha: si wangu, si wako. Kufikia mwisho wa mshororo ndipo anapotambua kwamba *wala* inaweza kuwa “unakula”, na kwamba wangu na wako ni wali: unakula wali wangu, kisha unakula wako, na unakula bila haya. Mshororo wa pili unalithibitisha hilo, kwa kuwa pana jiko na pana kupakua. Lakini jiko kwetu ni mke pia, na mtu aliyeoa husemwa kwamba amepata jiko. Kwa hiyo mlafi anayekaa kando ya jiko la mwenzake amekuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Kisha unakuja mwiko, ambao ni kijiko cha kupikia na ni jambo lililokatazwa. Ukiusoma ubeti wote kwa maana ya chakula, unasimama. Ukiusoma wote kwa maana ya ndoa, unasimama pia. Hakuna mshororo unaoanguka katika usomaji wowote kati ya hiyo miwili.

Hicho ndicho kipimo ninachokushauri ukitumie, na ndicho nilichokitumia kwa msomaji wa Kisauni. Fumbo lililokusudiwa hushikilia maana zake zote mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mtunzi amezipanga neno kwa neno. Neno lililosikiwa vibaya huwa na maana mahali lilipo tu. Ukisogea mshororo mmoja mbele linagombana na wenzake, au linavunja kina, au linapunguza mizani. Mathalani, anayeusikia utao, yaani kipande cha pili, wa mshororo wa pili kuwa “nipakuapo wangu” atajua kwamba amekosea hata kabla ya kuuliza maana, kwa kuwa mizani imebaki saba na kina cha *ya* kimetoweka.

Upatanisho wa kisarufi nao husaidia sana. Mtunzi aliyetaka kaa awe wa pwani na wa moto kwa pamoja hujitahidi asitumie kitenzi cha kumfichua, kwani akisema “kaa aliyenichoma” amekwisha kuchagua mnyama, na akisema “kaa lililonichoma” amechagua moto. Ukiona maneno yamezungukwa kwa uangalifu wa namna hiyo, yakakwepa *a-* na *li-*, fahamu kwamba mtunzi ana lake jambo.

Kuhusu jirani yako, nakusihi utenganishe watu watatu. Mtunzi aliandika maneno bila kukujua. Mwimbaji aliyaimba kwa kuwa aliyaona yanapendeza harusini. Yule aliyeinuka kutunza ndiye peke yake aliyeyachukua maneno hayo na kuyaelekeza, na ufundi wa mafumbo unamruhusu kufanya hivyo bila kutaja jina la mtu. Mume wako yuko sahihi kwamba wimbo ulikuwa wa chakula. Nawe huenda uko sahihi kwamba ulirushiwa wewe. Na mambo hayo mawili hayapingani. Mila ya taarab inamtaka anayerushiwa fumbo achague: ajibu kwa wimbo mwingine siku nyingine, au aendelee kula pilau yake kana kwamba halimhusu. Kwenda kumuuliza mtu mlangoni kwake kwamba alikuwa na maana gani ni kukubali mbele ya mtaa mzima kwamba jiko lililotajwa ni lako. Kwa hali yako naona pilau ndiyo njia bora.

Kwa nini nyimbo za taarab za marehemu Juma Bhalo, ambazo nimezisikiliza tangu ujana wangu, bado zina maneno ambayo siyakamati? Nazijua kwa tuni, lakini nikitaka kuyaandika mashairi yake kalamu husimama.
*Mzee wa Bondeni*

Mzee wangu, shikamoo. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba nyingi za nyimbo zake kwa tuni za Kihindi, na hapo ndipo penye ugumu wake na ladha yake. Tuni iliyotungwa kwa lugha ya Kihindi hurefusha silabi kwa mahitaji ya lugha hiyo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio letu huutumia mkazo huo kujua neno limeishia wapi. Tuni inapouhamisha mkazo, mipaka ya maneno hupotea hata kama kila silabi imetamkwa kwa ufasaha. Chukua *barabara*: mkazo ukikaa kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari, ukikaa kwenye silabi ya pili ni sawasawa, mwimbaji anayefuata tuni huenda akakosa nafasi ya kuonyesha ni ipi. Ongeza ukanda uliochezwa hata ukachakaa, na Kimvita cha ndani nilichokwisha kukitaja, na utaona kwamba kalamu yako ina udhuru.

Nakushauri uyaandike hata hivyo, na uyaandike katika vipande, ukihesabu mizani kwa vidole. Panapopungua silabi moja, weka nafasi wazi na uendelee. Kina cha mshororo unaofuata mara nyingi kitakurudisha na jibu. Yatakayobaki, waulize wazee wenzako wa Kibokoni na Kuze ambao walikuwa wakihudhuria harusi hizo. Kazi hiyo haifai kungoja, kwa kuwa wanaoyajua mashairi hayo kwa moyo wanapungua.

Binti yangu wa darasa la pili huimba wimbo wa taifa hapa nyumbani, na akifika “raha tupate na ustawi” husema “raha tupate nastawi”. Tunacheka, lakini nauliza kama nimsahihishe au nimwache akue nayo.
*Mama, Changamwe*

Msahihishe, mama, lakini kwanza mpongeze. Alichokisikia si upuuzi. “Nastawi” ni Kiswahili safi, na maana yake ni kwamba yeye mwenyewe anastawi. Irabu ya *na* na irabu ya *ustawi* zimekutana mahali ambapo tuni inaendelea kutiririka, moja ikamezwa na nyingine, na mtoto akachagua neno la karibu lenye maana. Tuni hiyo, kama ujuavyo, imetokana na wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kubembelezea watoto, na wimbo wa kubembeleza huyaunganisha maneno kwa makusudi.

Usimfundishe kwa kuimba, kwa sababu tuni ndiyo iliyomkosesha. Mwambie ayaseme maneno tu, akipiga kofi kwa kila silabi, mpaka *na* ipate kofi lake na *u* ipate lake. Muulize ustawi ni nini, umweleze, kisha mrudishie tuni polepole. Pia mtajie mwalimu wake jambo hilo, kwani yamkini darasa zima linaimba vivyo hivyo.